Larbi Ben Barek, Lulu Nyeusi ya Casablanca

Usiku wa Jumatano, tarehe 14 Desemba 2022, mji wetu wa Voi haukulala mapema. Mechi ya Morocco na Ufaransa ilianza saa nne za usiku, na kila hoteli yenye televisheni ilijaa mpaka mlangoni. Madereva wa malori ya Mombasa waliegesha magari yao na kusimama pamoja nasi. Morocco ilikuwa imekwisha kuwatoa Wahispania tarehe 6, na Wareno tarehe 10, na mechi zile mbili zilichezwa saa kumi na mbili za jioni. Ilipoadhiniwa magharibi watu walitoka mbio kwenda msikitini, wakaswali, wakarudi mbio kuuliza kama bao limeingia. Hiyo ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza ya Afrika, na ya kwanza ya Waarabu, kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Tulifungwa mabao mawili kwa bila. Nasema tulifungwa kwa sababu usiku ule hapakuwa na mtu wa Voi aliyesema walifungwa.

Katika mazungumzo ya kujiliwaza, kijana mmoja wa mtaani kwetu alisema kwamba si kitu, kwani hii ndiyo mara ya kwanza kwa Mmorocco kuonekana mbele ya Wafaransa katika kabumbu. Nilinyamaza. Mtu aliyefungwa dakika ile hana masikio. Lakini kesho yake, baada ya swala ya alasiri, tulipokaa barazani, nilimwambia kwamba amekosea kwa miaka themanini na minne. Nikamtajia jina la Larbi Ben Barek. Hakulijua, wala wenzake hawakulijua, na wao ni vijana wanaoweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa timu yoyote ya Ulaya pamoja na wale wa akiba. Basi niliwasimulia, na hapa ninawasimulia wasomaji.

Larbi Ben Barek alizaliwa Casablanca. Vitabu vingi vinaandika Juni 1917, vingine 1914, na jambo hili lisimshangaze mtu wa kwetu. Huku Taita wapo wazee wetu wengi ambao umri wao ulihesabiwa kwa mwaka wa njaa fulani au kwa mwaka ilipofika reli, na tarehe iliyomo katika kipande ilibuniwa na karani. Kwa mchezaji, hata hivyo, miaka mitatu si kitu kidogo, na kila alipozidi kucheza watu walizidi kubishana juu ya umri wake.

Morocco ya utoto wake ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu mkataba wa Fez wa mwaka 1912. Msomaji wa Mwambao hahitaji kuelezwa mengi juu ya hali hiyo. Sultani yupo, bendera yake yapepea, makadhi wanahukumu, lakini amri yatoka kwa mgeni. Ndivyo ilivyokuwa Mombasa, Malindi na Lamu, zilipokuwa katika zile maili kumi za Sultani wa Unguja zilizosimamiwa na Mwingereza. Sisi wa Voi tulikuwa nje ya zile maili kumi, ndani ya koloni hasa. Kijana wa Casablanca basi hakuwa Mfaransa kwa haki, bali alikuwa raia wa Sultani wake aliyetawaliwa na Ufaransa. Jambo hili tulishike, kwani litarudi.

Alianzia katika klabu ndogo iliyoitwa Idéal, kisha akachukuliwa na Union Sportive Marocaine, klabu kubwa ya mji huo. Huko ndiko alikoonekana. Mwaka 1938 Olympique de Marseille wakamwita, akavuka bahari.

Marseille ni mji wa bandari, na mtu wa Mombasa akiingia humo hatajiona mgeni sana. Una mabaharia, wachukuzi, watu wa rangi zote, kelele na ugomvi wa sokoni. Watu wa namna hiyo wakimpenda mchezaji humpenda bila mizani, na Ben Barek walimpenda tangu msimu wa kwanza. Timu yao ilimaliza ya pili katika ligi ya 1938-39, nyuma ya Sète. Magazeti yakampa jina la Lulu Nyeusi, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeusi. Jina hilo baadaye walipewa wengine, Pelé na Eusébio miongoni mwao, lakini yeye alitangulia, wakati Pelé hajazaliwa.

Mchezo wake ulikuwaje? Alikuwa mshambuliaji wa ndani, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuchukua mpira katikati na kuufikisha mbele. Walioandika juu yake wanakubaliana kwamba miguu yote miwili ilimtii, kwamba alituliza mpira wa juu kwa utulivu wa ajabu, na kwamba chenga zake hazikuwa za kujionyesha tu. Alikuwa mrefu, na kwa kichwa pia alifunga. Mimi sikumwona, wala nyinyi hamkumwona.

Miezi michache tu baada ya kushuka melini aliitwa katika timu ya taifa ya Ufaransa. Mechi ilikuwa Naples, tarehe 4 Desemba 1938, dhidi ya Italia waliokuwa mabingwa wa dunia. Siku ile haikuwa ya mpira peke yake. Siku nne kabla, katika bunge la Mussolini, wabunge walikuwa wamesimama na kupiga kelele wakidai Tunis, Corsica na Nice. Katikati ya joto hilo Ufaransa ikaingiza uwanjani mtu mweusi, Mwislamu wa Afrika Kaskazini, amevaa jezi ya bluu. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimzomea tangu alipotokeza, na kwamba wimbo wa taifa wa Ufaransa ulipopigwa yeye aliuimba kwa sauti kuliko wenzake. Ufaransa ilifungwa bao moja kwa bila.

Hapo kijana wangu alinikatiza. Alisema kwamba mtu huyo basi alikuwa kibaraka. Nchi yake imekaliwa, naye anaimba wimbo wa mkaliaji! Nikamwambia angoje.

Vita vikaja 1939, na Ben Barek akarudi kwao Casablanca kuichezea klabu yake ya zamani. Miaka ile, ambayo kwa kawaida ndiyo miaka ya mchezaji kuiva, Ulaya haikumwona ipasavyo. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, akaenda Paris katika klabu ya Stade Français. Kocha wake alikuwa Helenio Herrera, yule yule aliyekuja kupata sifa kubwa Milano katika miaka ya sitini. Herrera alizaliwa Buenos Aires lakini alikulia Casablanca, kwa hiyo walikuwa watoto wa mji mmoja. Mwaka uliofuata Stade Français wakapanda daraja la kwanza.

Mwaka 1948 Atlético ya Madrid wakaja na fedha ambazo kwa siku zile zilionekana za kutisha. Paris ikanung'unika. Inasemekana mwandishi mmoja alishauri kwamba kama Ufaransa ina dhiki ya fedha basi na iuze minara yake mikubwa, lakini Ben Barek asiuzwe. Aliuzwa. Na tukumbuke kwamba mchezaji wa kulipwa wa Ufaransa wakati ule hakuwa na sauti kubwa juu ya nafsi yake. Mkataba ulimfunga na klabu hadi afike umri wa miaka 35, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka 1969. Klabu ilimuuza ilipotaka, kwa bei iliyotaka. Mapenzi ya watu yalikuwa ya mchezaji, lakini fedha zilikuwa za wengine.

Madrid ndiko alikokula matunda. Herrera alimfuata huko mwaka 1949, na Atlético wakawa mabingwa wa Hispania mara mbili mfululizo, 1950 na 1951. Mstari wao wa mbele wa watu watano, Juncosa, Ben Barek, Pérez Payá, Carlsson wa Sweden na Escudero, uliitwa mstari wa kioo. Wahispania wenyewe wanaeleza kwamba kioo ni kwa uzuri wake, na pia kwa sababu hawakukosa kuumia mara kwa mara. Yeye walimwita mguu wa Mungu. Jina hilo mimi silipendi, na Mwislamu yeyote atanielewa. Lakini washabiki wa mpira hawana adabu ya ulimi popote duniani, hata hapa kwetu.

Hebu fikirini. Hispania ya Jenerali Franco, nchi ambayo kwa karne nyingi ilihesabu ushindi wake mkubwa kuwa ni kumfukuza Mwislamu, nayo yenyewe ikiwa imeshika kipande cha kaskazini mwa Morocco, ilijaza uwanja kila Jumapili kumshangilia Mmorocco. Sisemi kwamba makofi yale yalibadili chochote katika serikali. Hayakubadili.

Kuna jambo linaloeleza kwa nini vijana wetu hawamjui. Ben Barek hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja. Mwaka 1938 lilichezwa Ufaransa kabla hajaitwa katika timu. Mwaka 1942 na 1946 hapakuwa na kombe kwa sababu ya vita. Mwaka 1950 Ufaransa walishindwa kufuzu, kisha wakaalikwa kwenda Brazil, wakakataa. Mwaka 1954 walikwenda Uswisi bila yeye, kwani walimwona amekwisha kuzeeka. Na televisheni ilikuwa bado changa. Sifa zake zilibaki katika magazeti na katika macho ya waliokuwapo, na macho hayo karibu yote yamekwisha kufumba. Kuna neno linalosingiziwa Pelé, kwamba alimweka Ben Barek juu ya nafsi yake. Labda alilisema, labda alitungiwa. Limekaririwa mno hata halina tena mwenyewe.

Sasa nije kwenye mwaka 1954, kwani hapo ndipo nilipokuwa nikimngojesha kijana wangu.

Alikuwa amerudi Marseille tangu 1953. Mwaka huo huo wa 1953, mwezi wa Agosti, Wafaransa walikuwa wamemwondoa Sultani Mohammed wa Tano katika kiti chake na kumpeleka uhamishoni, Corsica kwanza, kisha Madagascar. Morocco ilikuwa inawaka. Mchezaji wetu, miaka 37 au 40, shauri yenu, alikuwa akicheza mpira mbele ya watu wa nchi iliyomhamisha mfalme wake.

Tarehe 9 Septemba 1954 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Orléansville nchini Algeria, ambao leo unaitwa Chlef. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Ili kuwachangia waliosalia, ikatayarishwa mechi mjini Paris, katika uwanja wa Parc des Princes, tarehe 7 Oktoba. Upande mmoja timu ya taifa ya Ufaransa. Upande wa pili wachezaji wa Afrika Kaskazini, kutoka Morocco, Algeria na Tunisia, wakivaa kwa mara moja jezi isiyokuwa ya Ufaransa. Kiongozi wa mchezo wao alikuwa Ben Barek.

Afrika Kaskazini ilishinda mabao matatu kwa mawili.

Mzee yule alicheza hivyo hata wakuu wa timu ya Ufaransa wakaona haya, wakamwita tena. Siku tisa baadaye, tarehe 16 Oktoba, alikuwa Hanover akiivaa ile jezi ya bluu dhidi ya Wajerumani, mabingwa wapya wa dunia. Ufaransa walishinda tatu kwa moja, lakini yeye hakuimaliza mechi, kwani aliumia kabla ya nusu saa kutimia, akatolewa. Ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho ya taifa. Kutoka Naples mpaka Hanover ni miaka 15 na miezi 10, na mpaka leo hakuna aliyevaa jezi ya Ufaransa kwa muda mrefu kuliko huo. Katika muda wote huo aliitwa mara 17 tu. Na wiki mbili baada ya Hanover, tarehe 1 Novemba, vita vya kupigania uhuru vilianza Algeria, na jambo la Waislamu wa Afrika Kaskazini kuichezea Ufaransa halikuwa tena jambo jepesi kwa mtu yeyote.

Basi je, alikuwa kibaraka? Barazani tulibishana mpaka karibu na magharibi. Mimi nilimwuliza kijana kama amewahi kufuata reli iliyokuwa ikitoka hapa Voi kwenda Taveta. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita vya Mwingereza na Mjerumani, ugomvi ambao haukuwa wetu hata kidogo. Babu zetu walibeba mizigo katika njia zile wakafa kwa maradhi kuliko kwa risasi, na makaburi ya askari wa vita vile yapo hapa hapa mjini. Hakuna mtu wa Voi anayewaita babu zake vibaraka. Walikuta dunia imekwisha kugawanywa. Huyu wa Casablanca alikuta hivyo hivyo. Hakukuwako na timu ya Morocco ya kuichezea hata angetaka vipi. Ilikuwapo jezi moja tu ya kumfikisha mbele ya walimwengu, akaivaa, na ilipopatikana nyingine, kwa jioni moja tu, aliivaa hiyo akawafunga.

Kijana hakukubali yote. Alisema kubeba mzigo kwa kulazimishwa si sawa na kuimba kwa hiari. Nilimwambia neno lake lina uzito, na bado nasema hivyo.

Baadaye Ben Barek alicheza Algeria, katika mji wa Bel Abbès, kisha akatundika viatu. Mohammed wa Tano alikuwa amerudi Novemba 1955, na Machi 1956 Morocco ikawa huru. Ilipoundwa timu ya taifa, mwaka 1957, aliyekuwa wa kwanza kuifundisha alikuwa yeye. Kwa hiyo hata wale waliotutoa machozi mwaka 2022 ni wajukuu zake katika kazi.

Na hapo pana kinyume cha ajabu. Katika wachezaji 26 wa Morocco waliokwenda Qatar, 14 walizaliwa nje ya Morocco. Hakimi alizaliwa Madrid, mji ule ule uliomwita Ben Barek mguu wa Mungu. Hakimi aliweza kuichezea Hispania, akachagua nchi ya wazazi wake. Mlango ulikuwa wazi, akachagua. Ben Barek alipokuwa kijana mlango huo haukuwako hata ukutani.

Miaka yake ya mwisho haina mengi ya kusimulia, na ndiyo iliyo mizito kusimulia. Aliishi Casablanca. Mataifa yalikuwa na mashujaa wapya, Wafaransa na Wahispania wana wao, na Wamorocco wenyewe walikuwa na kina Ahmed Faras wa kuwashangilia. Alikufa tarehe 16 Septemba 1992, peke yake nyumbani mwake, na maiti yake haikugunduliwa mpaka zilipopita siku kadhaa. Mtu aliyeshangiliwa na Casablanca, Marseille, Paris na Madrid hakuwa na mtu wa kumfumba macho wala kumwelekeza kibla. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu kando. Sisi tumezoea kwamba mzee akikosekana msikitini swala mbili, ya tatu mtoto anatumwa kwake kubisha hodi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Heshima zilikuja alipokuwa hazihitaji tena. Mwaka 1998, Kombe la Dunia lilipochezwa Ufaransa, FIFA ilimpa nishani yake kubwa, miaka sita baada ya kufa. Na uwanja mmoja wa zamani wa Casablanca, uliokuwa ukiitwa kwa jina la Mfaransa, ukapewa jina lake.

Wakati nikisimulia, mmoja wa vijana alikuwa kimya akipekua simu yake, nami nilidhani amechoka na mimi. Kumbe alikuwa akimtafuta. Akanipa ile simu. Ilikuwa picha ya Atlético, jezi za milia, wachezaji wa wakati ule na suruali zao fupi pana, mpira wa ngozi miguuni. Akaniuliza yupi ndiye. Nikamwonyesha. Simu ikapita mkono kwa mkono barazani, kila mmoja akiinama kutazama, mpaka ikaadhiniwa magharibi, na yule aliyeishika mwisho akaizima na kuiweka mfukoni.